Pedi za Kushuka Dareda

Bibi yangu mzaa baba, kule juu Mbulu kabla hatujahamia Bonga, alikuwa hakubali chungu kipya kiguse maharage siku ya kwanza. Chungu kikitoka kwa mfinyanzi anakipaka uji wa ulezi ndani na nje, anakiweka kwenye moto mdogo wa mabua, kikianza kutoa harufu anakiepua. Anakiacha kipoe chenyewe, bila maji, bila upepo. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Siku ya nne ndiyo anakipa maharage. Shangazi yangu mmoja, ambaye alikuwa na haraka ya kwenda kucheza harusini, alichukua chungu cha jana akakibandika jikoni na maharage ya watu kumi na mmoja. Maji yalipoanza kuchemka chungu kikalia kama fimbo kavu inayovunjwa, na maharage yote yakawa ya majivu. Tulilala na maziwa tu. Bibi hakumgombeza. Aliokota vigae, akachagua kimoja kikubwa cha kubebea makaa kutoka kwa jirani, akasema chungu kipya hakijui moto, kinafundishwa.

Shangazi huyo baadaye aliolewa Karatu akapata watoto tisa, lakini hiyo si habari ya leo.

Vijana wa gereji ya Maisaka, hapa Babati, siku mliponiaga kwa soda na kuku, mmoja wenu aliniuliza pedi gani ya breki inafaa kwa gari la mashindano. Nikamjibu nitaandika, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na nyama. Sasa naandika. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu, kwa hiyo msitafute nukta na mkato. Na kama mnashangaa chungu kinahusika vipi, subirini, nami nilisubiri miaka mingi kabla sijaelewa.

Niliingia gereji ile nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto mmoja, si kijana wa kufundishwa kushika taa. Nilikuwa nimelima, nikachoka kulima. Gereji ilikuwa ya Mzee Nasoro, mwenye duka la jumla karibu na soko, na fundi wake mkuu alikuwa Fundi Mbaraka. Huyu Mbaraka alikuwa mtu wa pwani. Pwani ipi, sijui mpaka leo. Siku nyingine alisema Tanga, siku nyingine Kilwa, na ukimwuliza tena anakuambia bahari ni moja. Alivaa kofia nyeupe ya kufuma kwa mkono, na sikumwona akitembea barabarani kichwa wazi hata mara moja. Kofia ilitoka kichwani kwa kazi moja tu: akifungua gurudumu anaivua, anaiweka chini kama bakuli, na nati zote zinaingia humo. Siku yangu ya kwanza niliziweka nati kwenye majani. Tulizitafuta mpaka adhuhuri. Akaniambia, "Bayo, ng'ombe wako akipotea utamwita kwa jina. Nati utaiitaje?"

Alikuwa ananitania hivyo kila siku, kwamba sisi Wambulu tunajua magari yenye pembe tu. Mimi namjibu kwamba watu wa pwani wanajua magari yenye mapezi. Kazi ikaenda.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya themanini na kitu, ya dhiki. Ninyi mnaisikia kwa wazazi. Sabuni hakuna, tunanawa grisi kwa majivu na mchanga. Sukari kwa foleni. Matairi yanajazwa nyasi kama godoro. Wenye malori walikuwa wanaweka maji ya sabuni kwenye breki badala ya mafuta yake, na kwa kuwa sabuni yenyewe ilikuwa haipo, sijui walikuwa wanaitoa wapi. Fundi Mbaraka alikataa jambo hilo kabisa. Alikuwa na chupa moja ya mafuta ya breki aliyoifungia kwenye sanduku lake la spana kama mtu anavyofungia dawa. Lori la mtu likija bila mafuta ya breki linalala hapo mpaka yapatikane. Lililolala halijaua mtu, ndivyo alivyosema.

Sasa Mzee Nasoro alikuwa na mtoto wa kiume, Twaha, na Twaha alikuwa na gari dogo la Kijapani, rangi ya chungwa, na ugonjwa wa mashindano. Watu hawana sukari, yeye anatafuta kushindana. Lakini nisimseme vibaya, alikuwa na mkono wa usukani kweli, na baba yake alikuwa anajifanya kukasirika huku anamtafutia petroli. Yalikuwa yafanyike mashindano siku ya Jumapili upande wa Arusha, na njia yake ilikuwa na miteremko mibaya. Twaha akaja gerejini akasema anataka pedi zisizochoka.

Hapa ndipo swali lenu linapoanza.

Tulikuwa na pedi za aina tatu juu ya meza. Za kwanza zilikuwa nyeusi, laini, za dukani, zile za kila siku. Zinashika tangu asubuhi gari likiwa baridi, hazipigi kelele, haziumizi diski. Za pili Fundi alizikata mwenyewe kwa msumeno kutoka kwenye lainingi ya breki za lori na kuzigandisha kwenye bati la pedi kuukuu. Wakati ule nusu ya magari ya Babati yalikuwa yanasimama kwa kazi ya namna hiyo. Za tatu Twaha alizipata Nairobi, zikavuka Namanga ndani ya mfuko wa unga. Ngumu, nzito, na ukizigeuza kwenye jua unaona vumbi la chuma ndani yake likimetameta.

Fundi Mbaraka hakusoma maandishi ya boksi. Aliwasha jiko la mkaa, akachukua pedi moja ya kila aina, akaziweka juu ya makaa kama mahindi. Akakaa. Nyeusi ilitoa moshi mapema, akaiinua kwa koleo, akaikwaruza kwa msumari, ikakwaruzika kama mshumaa. Akasema hii ni breki ya kwenda sokoni, na ni nzuri sana kwa kwenda sokoni. Ile ya lori haikutoa moshi, ila gundi yake ililegea na pedi ikateleza kwenye bati lake. Akaitupa pembeni bila kusema, maana ilikuwa kazi yake mwenyewe. Ya Nairobi ilitoa harufu kali kidogo mara moja tu, ikanyamaza. Aliikwaruza ikiwa ya moto, msumari ukateleza. Kisha akachukua kipande cha diski ya zamani akakisugua na pedi ikiwa baridi: haikushika. Akaipasha, akasugua tena: ikang'ang'ania.

Twaha alicheka akasema basi kazi imekwisha, zifungwe hizo.

Fundi akamwambia watu wote wanaochagua pedi wanauliza inashikaje pale nje ya gereji, na hapo nje kila pedi inashika. "Wewe uliza itashikaje kona ya saba," akasema. "Hii itashika kona ya saba. Lakini si pedi ya mtu mvivu."

Alimaanisha hivi, na hili liandikeni ukutani. Pedi ya namna ile ikiwa mpya haijui moto. Ukienda nayo moja kwa moja mashindanoni itashika kona tatu, ya nne itatoa gesi yake ya ndani, na pedali itakuwa ngumu chini ya mguu wako huku gari linakwenda tu. Lazima uifundishe. Unakimbiza gari mpaka spidi ya sitini, unakanyaga kwa nguvu mpaka linakaribia kusimama, unaachia kabla halijasimama. Unakimbiza tena. Mara kumi. Kila mara pedi inaacha ngozi yake nyembamba juu ya diski, sawasawa pande zote. Halafu unaendesha polepole bila kugusa breki, upepo upoze. Ukisimama, usikanyage pedali. Weka jiwe kwenye gurudumu. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuikalia breki, kuikanyaga kidogo kidogo muda mrefu bila kuachia. Hapo pedi inaiva nje tu, inang'aa kama kioo, na kioo hakishiki kitu.

Nilipoyasikia maneno hayo ndipo nikamkumbuka bibi na uji wake wa ulezi. Nilimsimulia Fundi. Alifurahi sana, akasema kumbe Wambulu walikuwa na gereji zamani.

Tulikuwa na dumu moja la petroli, ya kibali. Fundi akapiga hesabu yake: inatosha kupasha pedi kwenye mteremko wa Dareda siku ya Alhamisi, na inatosha kushuka mteremko mzima kwa kasi mara moja siku ya Ijumaa, Twaha akiwa kwenye usukani, kuzijaribu. Zaidi ya hapo hakuna. Pedi nilifunga mimi, yeye akiangalia. Akanikabidhi ufunguo.

Mnaijua desturi ya gereji yetu, na wengine mnailalamikia: aliyefunga breki ndiye abiria wa kwanza. Mtu akifunga breki anakaa kiti cha mbele gari linaposhuka mara ya kwanza kwa kasi. Desturi hiyo aliileta Fundi Mbaraka. Kwa hiyo Ijumaa kiti kilikuwa changu.

Alhamisi nilipanda Dareda peke yangu, nikiwa na raha kama mtu aliyepewa shamba. Nilianzia juu. Mara ya kwanza, vizuri. Mara ya pili, ya tatu, harufu kidogo, vizuri. Nikarudi juu kugeuza. Pale juu nikamkuta mama mmoja mzee amekaa juu ya gunia la maharage, fimbo mkononi, kuku wawili wamefungwa miguu. Na wengine watatu nyuma yake, na gunia jingine. Walikuwa hapo tangu jana. Basi lilikuwa limeharibika, na lori la misheni lilikuwa halina dizeli.

Nikamwamkia kwa Kimbulu. Akaitikia, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia baba, akamtaja babu. Hapo tena ningefanyaje? Binti yake alikuwa amejifungua hospitali ya chini, hajamwona. Nikawaambia panda. Wale watatu nyuma na magunia, mama mbele na kuku mapajani.

Nilidhani nitaendelea na kazi yangu huku nikiwashusha. Nikakimbiza, sitini, nikakanyaga. Kuku wakaruka kwenye kioo. Mama akanichapa fimbo begani, si kidogo.

"Mwanangu, unatuua? Ishikilie hiyo breki yako usiiachie!"

Nikajaribu kumweleza kwamba ni kazi, pedi zinafundishwa. Nikajaribu mara ya pili. Fimbo tena, na sasa wale wa nyuma nao wanamwomba Mungu. Mama akasema babu yangu hakuwa mtu wa namna hii.

Basi nikaishikilia. Kutoka juu mpaka chini, mguu juu ya pedali, polepole, kwa heshima, kama ninabeba jeneza. Ningeweza kutegemea gia, na niliingiza gia ndogo, lakini watu wanne na magunia mawili kwenye mteremko ule vilitaka na mguu. Kona ya tano nilisikia harufu ya pembe inayochomwa. Ningesimama niwashushe. Sikusimama. Nilimfikisha mpaka getini pa hospitali, akanishika kichwa, akasema huyu kijana ana adabu, akanipa mayai mawili.

Nikafungua gurudumu hapohapo. Pedi ilikuwa inang'aa. Niliona kivuli cha uso wangu ndani yake.

Petroli iliyobaki ilikuwa ya kurudi na ya Ijumaa. Pedi nyingine za Nairobi hazikuwepo. Msasa haukuwepo mji mzima. Nilirudi Maisaka jioni, Fundi yuko msikitini, nikazitoa pedi zote nne nikazisugua kwenye ngazi ya saruji nyuma ya gereji mpaka ule mng'ao ukaondoka juu. Juu tu. Mnajua ninyi sasa, na mimi nilijua wakati ule, kwamba pedi iliyoungua haiponi kwa kusuguliwa saruji, na ngozi ya diski ilikuwa imeshaharibika kwa mabaka. Nikazifunga tena. Mayai niliyapeleka nyumbani, mtoto akala.

Asubuhi Fundi aliniuliza, "Umepasha mara ngapi?"

"Kumi, Fundi."

"Ukaziacha zipoe?"

"Zilipoa."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa kukuamini ukishajibu, na nadhani hilo ndilo kosa pekee nililoliona kwake kazini.

Tulikwenda Dareda na pikapu ya Mzee Nasoro, na mzee mwenyewe alikuja kuona pedi za mfuko wa unga zitafanya nini. Kule juu Twaha akavaa kofia yake ngumu, akanionyesha kiti cha pembeni kwa kidole. Nikasema tumbo linaniuma. Nilisema hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida, na tumbo wakati huo lilikuwa halina neno.

Fundi Mbaraka akacheka. "Mmbulu akiumwa tumbo ujue amekosa maziwa. Nenda chini kakae. Nitakaa mimi, zamu yako utanilipa."

Akaibana kofia yake nyeupe vizuri kichwani, akaingia.

Njia nzima ya kushuka nilikuwa ndani ya pikapu na Mzee Nasoro. Kulikuwa na muda wa kusema. Kulikuwa na muda wa kurudi. Tulisimama kona ya saba, kwenye migomba ya mtu, na hapo pia kulikuwa na muda, maana walikuwa wangoje ishara ya mzee, apige honi mara tatu ndiyo waanze. Mzee akaniuliza, "Tayari?" Nikasema tayari. Akapiga honi.

Pedi ngumu zinalia zikishika. Kona ya kwanza tulizisikia, ya pili, ya tatu, sauti kali kama nguruwe, na Mzee Nasoro akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kona ya nne zililia kidogo. Ya tano hazikulia. Mzee akasema sasa zimezoea. Breki ikifa hailii, vijana. Mkisikia mlio msiogope, ogopeni ukimya.

Kona ya sita Twaha alielewa, na hapo ndipo nasema alikuwa na mkono. Alishusha gia mbili, akaliacha bonde upande wa kulia, akaliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo wa kushoto, likajisugua humo kama ng'ombe anayejikuna, mbavu nzima, likaja mpaka mbele yetu likaingia kwenye migomba na kusimama. Upande wa kushoto ndio upande wa abiria.

Twaha alitoka anavuja damu puani. Fundi Mbaraka tulimtoa kupitia mlango wa dereva. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia, lakini uso wake ulikuwa uleule. Alikaa kwenye jiwe muda kidogo. Kisha akaniambia nifungue gurudumu la mbele. Akaivua kofia kwa mkono mzima, akaiweka juu ya jiwe, na nati nne nikazitia humo moja moja.

Nilimpa pedi kwa kitambaa, ilikuwa bado ya moto. Aliinusa. Akaikwaruza kwa ukucha. Akaigeuza, akaangalia ule mfereji wa katikati, akaupuliza, na vumbi la kijivu likaruka. Vumbi la pedi ni jeusi. La kijivu ni saruji, na ngazi ya saruji gereji ile ilikuwa nayo moja tu.

Akaniangalia. Sikuweza kumwangalia.

Mzee Nasoro alikuja juu yetu, mtoto wake anavuja damu nyuma yake.

"Fundi, nani alifunga breki hizi?"

"Mimi, mzee."

"Na nani alizipasha?"

"Mimi," akasema Fundi Mbaraka.

Nilifungua mdomo. Sitawadanganya kwamba nilisema kitu. Mzee Nasoro alimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mtu mzima mwenzake, na yeye akayasikiliza yote mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kichwa wazi. Kisha akainuka. Akachukua ile pedi pamoja na kitambaa chake, akaniwekea kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, na moto wake niliusikia kupita kitambaa.

Akashika njia ya chini, katikati ya migomba, mkono mmoja ameushikilia kwa mwingine. Nilidhani anakwenda hospitali. Hospitali hawakumwona. Chumba chake Maisaka hakukifungua tena, na sanduku la spana lenye ile chupa ya mafuta ya breki ndilo lile lililo chini ya meza yenu, mnalolivuta mkalikalia mkila.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilikaa kwenye jiwe kumsubiri arudi kuchukua kofia yake, maana hakuwa mtu wa kutembea kichwa wazi, na nati nne zilikuwa ndani.